Kupima Moto Usioguswa: Kiswahili, Leza na Vinu vya Muungano wa Viini

Pana hoja ambayo imerudiwa katika makongamano ya Kiswahili hadi ikachakaa, nayo ni kuwa lugha hii haiwezi kubeba sayansi ya kiwango cha juu kwa sababu haina istilahi. Watetezi wa lugha nao wamezoea kuijibu kwa namna moja: huleta orodha. Hukumbusha kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mnamo mwaka 1990, kwamba maneno yapo, na kwamba pasipo neno litatungwa. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinagombea ganda na kuliacha tunda. Sayansi haibebwi na neno moja moja. Hubebwa na sentensi, na zaidi ya sentensi, na aya inayoeleza jinsi kitu kinavyofanya kazi, hatua kwa hatua, hadi msomaji aweze kusema, "Basi hapa pangeharibika kama..." Aya za namna hiyo ndizo tulizo nazo haba. Orodha tunazo.

Ili hoja hii isibaki hewani, nitachukua mfano ulio mbali kabisa na madarasa yetu ya fasihi na isimu: namna wanafizikia wanavyounda mitambo ya leza ya kupimia plazima katika vinu vya muungano wa viini vya atomu. Nimeuchagua kwa makusudi. Kama Kiswahili kitaweza kutembea hapa bila kuchechemea, basi wale wanaotuambia kwamba kitajikwaa katika hesabu za kidato cha pili watalazimika kutafuta kisingizio kingine.

Tuanze na maada yenyewe. Barafu ikipashwa moto huwa maji, na maji yakizidi kupashwa huwa mvuke. Gesi nayo ikipashwa moto kupita kiasi, atomu zenyewe huvunjika: elektroni hubanduka kutoka kwa viini vyake, kikabaki kitu kinachofanana na gesi ila kila chembe yake imebeba chaji ya umeme. Hiyo ndiyo plazima. Radi ya masika ni plazima. Jua ni plazima. Nyota zote zing'aazo usiku ni plazima. Baadhi ya waandishi wameiita utegili, na nitalirudia suala la jina hapo baadaye.

Wanasayansi wanaitafuta plazima kwa ajili ya nishati. Hidrojeni ina ndugu wawili wazito, deuteriamu na tritiamu. Viini vyao vikigongana kwa kasi ya kutosha huungana, vikatoa heliamu na nyutroni moja, pamoja na nishati nyingi mno. Katika kitovu cha jua kazi hii hufanyika kwenye halijoto ya takriban digrii milioni 15, kwa kuwa uzito wa jua lenyewe huvibana viini pamoja. Hapa duniani hatuna uzito wa kuvibana namna hiyo, kwa hivyo halijoto inayohitajika hupita digrii milioni 100. Hakuna chungu kitakachohimili moto huo. Plazima huzuiliwa kwa nguvu za sumaku, ikaelea ndani ya ombwe katika chumba chenye umbo la pete, bila kuigusa kuta.

Hapo ndipo swali letu linapozuka. Utajuaje kuwa moto huo umefika kiwango unachodai umefika? Kipimajoto hakitumiki. Ungetia chuma cho chote mle ndani, chuma kingegeuka mvuke kabla hujasoma namba, na mvuke huo ungeichafua plazima na kuipoza. Yaani kipimo kingekiharibu kinachopimwa. Kinachohitajika ni kitu kitakachopita katikati ya plazima bila kuitia doa, kisha kitoke na habari. Kitu hicho ni mwanga.

Mwali wa leza unapopita ndani ya plazima, mawimbi yake huzitikisa elektroni, nazo kwa kutikiswa hurusha mwanga wao kila upande. Jambo hili huitwa mtawanyo wa Thomson, kwa heshima ya J. J. Thomson, yule Mwingereza aliyeigundua elektroni mwaka 1897. Sasa, elektroni hazikutulia, zinakwenda mbio. Msomaji anajua kuwa king'ora cha gari la wagonjwa husikika chembamba gari linapokujia, kikawa kizito likishakupita. Mwanga nao una tabia hiyo. Elektroni inayokujia huutoa mwanga ukiwa umesogea upande wa buluu. Inayokukimbia huutoa ukiwa umesogea upande wa wekundu. Ingawa leza iliingia na rangi moja tu, mwanga uliotawanywa hutoka umetanda juu ya rangi nyingi. Kadiri elektroni zinavyokwenda kasi, ndivyo utando huo wa rangi unavyopanuka. Upana wake hutupa halijoto. Kiasi cha mwanga wote uliokusanywa hutupa msongamano wa elektroni. Mpigo mmoja wa leza, majibu mawili.

Kusema hivyo ni rahisi, na kwa hakika kanuni yenyewe ni rahisi. Ugumu uko katika uchache wa mwanga unaorudi. Katika plazima yenye elektroni milioni milioni 30 katika kila sentimita moja ya ujazo, kati ya fotoni bilioni 100 zinazopita, ni mbili hivi tu zitakazotawanywa katika kila sentimita ya safari yao. Na hizo mbili hutawanyika pande zote. Lenzi iliyowekwa ubavuni huambulia sehemu ndogo tu. Ndiyo maana inahitajika leza yenye nguvu, itoayo mpigo mfupi uliosheheni fotoni: jouli moja tu ya mwanga wa leza ya yakuti ina fotoni zaidi ya bilioni tatu mara bilioni. Baada ya hapo mhandisi hukabiliana na adui mwingine. Fotoni ambazo hazikutawanywa, ambazo ndizo karibu zote, zikigonga ukuta zitaruka huku na huko ndani ya chumba na kuufunika ule mwanga hafifu unaotafutwa, kama kelele za soko zinavyofunika mnong'ono. Kwa hiyo upande wa pili wa chumba hujengwa shimo jeusi la kuumeza mwali, na njia nzima hupangwa vizuizi vya kunasa mwanga uliopotea njia. Nimesoma maelezo ya mitambo kadhaa ya aina hii, na kinachonivutia ni kuwa wahandisi hutumia akili nyingi katika kuuzuia mwanga wasioutaka kuliko katika kuutengeneza ule wanaoutaka.

Hebu sasa tuitazame historia, maana ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Mwezi Januari mwaka 1958, Waingereza walitangaza kwa mbwembwe kuwa mtambo wao uitwao ZETA, uliokuwa Harwell, ulikuwa umetoa nyutroni zilizotokana na muungano wa viini. John Cockcroft, mkuu wa kituo hicho, aliwaambia wanahabari kuwa ana hakika kwa asilimia 90. Magazeti yakaandika habari za jua lililoundwa na mwanadamu na za umeme usiokwisha. Haikupita miezi mitano tangazo likafutwa. Nyutroni zilikuwepo kweli, lakini hazikutoka kwenye moto wa plazima kwa ujumla wake. Zilitoka kwa chembe chache zilizosukumwa na nguvu za umeme wakati plazima ilipoyumba. Walichoona walikiona. Walichokosa ni kipimo cha kuwaeleza kile walichokiona.

Wahenga walisema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Miaka kumi baadaye, mnamo Agosti 1968, katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Novosibirsk, wanasayansi wa Muungano wa Kisovieti wakiongozwa na Lev Artsimovich walidai kuwa mtambo wao, T-3, ulikuwa umefikisha elektroni kwenye halijoto ya takriban digrii milioni 10. Dai hili lilizipita mbali tajriba za Magharibi. Wengi hawakuliamini, na si kwa ajili ya siasa tu, ijapokuwa siasa ilikuwepo tele; mwezi uo huo vifaru vya Kisovieti viliingia Chekoslovakia. Shaka yao ilikuwa ya kisayansi. Warusi walikuwa wamepima jumla ya nishati iliyokuwa ndani ya plazima, kisha wakakokotoa halijoto kutokana na jumla hiyo. Je, kama nishati ile ilikuwa imebebwa na elektroni chache zilizotoroka na kwenda mbio kupindukia, ilhali umati wa elektroni nyingine ulikuwa umepoa? Jumla ingekuwa ile ile, na dai lingekuwa la uongo. ZETA ingekuwa imerudi kwa jina jingine.

Artsimovich alifanya jambo ambalo naliona kuwa la kiungwana kuliko mengi yaliyofanywa katika miaka ile ya Vita Baridi. Alimwambia Bas Pease, mkurugenzi wa maabara ya Culham nchini Uingereza, awatume watu wake na leza yao waje Moscow wapime wenyewe. Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Huyu aliikabidhi ngozi kwa mshindani wake aiwambe. Mwaka 1969 kundi dogo la Waingereza lilifika katika Taasisi ya Kurchatov likiwa na vifaa vya uzito wa takriban tani tano. Kazi haikuwa nyepesi. Lakini leza ilipopigwa na mwanga uliotawanywa ukagawanywa kwa rangi zake, mchirizo uliochorwa ulikuwa na umbo la kengele: umati wote wa elektroni ulikuwa wa moto, si chache zilizotoroka. Katika moto ule elektroni zilikuwa zikienda kwa zaidi ya kilomita 17,000 kwa sekunde, zaidi ya sehemu moja kwa ishirini ya kasi ya mwanga. Warusi walikuwa wamesema kweli. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwezi Novemba mwaka 1969, yakiwa na majina ya Waingereza wanne, Peacock, Robinson, Forrest na Wilcock, pamoja na Mrusi mmoja, Sannikov.

Taathira yake ilikuwa ya haraka. Huko Princeton, Marekani, mtambo mkubwa wa aina tofauti ulibadilishwa, na kufikia mwaka 1970 ulikuwa umegeuzwa kuwa wa muundo wa Kirusi. Wengine wakafuata. Na pamoja na muundo likaja neno. Tokamaki ni akronimu ya Kirusi, iliyoundwa kutokana na maneno yenye maana ya chumba cha umbo la pete chenye koili za sumaku. Imeundwa kama sisi tulivyounda UKIMWI. Waingereza, Wamarekani, Wajapani na Wafaransa, wenye lugha zilizosheheni kamusi za sayansi, walilichukua neno la Kirusi kama lilivyo, bila kuunda kamati. Hakuna aliyelalamika kuwa Kiingereza kimedhalilika.

Naomba wasomaji wenzangu wa Kiswahili tuizingatie nukta hiyo. Neno la Kirusi halikuenea kwa kuwa lilisanifishwa vizuri. Lilienea kwa sababu kilichotajwa nalo kilipimwa, na kipimo kikaaminika. Sisi tumezoea kwenda kinyume: tunabuni istilahi kwanza, tunaihifadhi kamusini, kisha tunangoja sayansi ije iitumie. Matokeo yake ni maneno mengi mazuri ambayo hayajawahi kukaa ndani ya sentensi. Mimi, kwa mfano, sina ugomvi na utegili. Ni neno la Kibantu kwa umbo, lina ladha. Lakini nimetumia plazima katika makala haya kwa sababu mwanafunzi wa fizikia akilisikia atajua papo hapo ninachokisema, na kwa sababu maana ya neno hatimaye hutokana na maelezo yanayolizunguka, wala si asili yake. Mwenye kupendelea utegili na autumie, mradi atuandikie aya tatu zinazoeleza jinsi unavyopimwa.

Isitoshe, hazina yetu ya zamani ina maneno yanayosubiri kazi. Leza ya kwanza duniani, aliyoiunda Theodore Maiman mwaka 1960, ilitumia fuwele ya kito chekundu. Leza iliyopelekwa Moscow ilikuwa ya aina hiyo, yenye mwanga mwekundu wa urefu wa mawimbi wa nanomita 694. Kito hicho sisi tunakiita yakuti. Wasomaji wa ushairi wa pwani wanalijua neno hili tangu zamani, likiwa johari ya kusifia uzuri. Leza ya yakuti si tafsiri ya kulazimisha. Ni jina kamili, na nadhani lina mvuto kuliko lile la Kiingereza.

Mahali ambapo Kiswahili chetu kinachechemea kweli ni pengine, na si katika majina ya vitu vipya. Ni katika tofauti baina ya joto na halijoto. Magazeti yetu, na mara nyingi walimu wetu, hutumia joto kwa maana zote mbili. Turejee mzozo wa T-3. Shaka yote ya Magharibi ilisimama juu ya tofauti hii. Warusi walikuwa na kipimo cha jumla ya joto, yaani nishati iliyomo. Walichodai ni halijoto, yaani kiwango cha wastani wa mwendo wa chembe katika umati. Mtu atakayesimulia kisa hiki kwa neno moja tu, joto, atasema kuwa Warusi walipima joto, Waingereza wakatilia shaka joto, kisha wakaenda wakapima joto. Msomaji atabaki akijiuliza walichokuwa wakibishania. Fundi wa jua kali anaielewa tofauti hii hata kama hajaipa jina: cheche zirukazo kwenye jiwe la kunolea chuma zina halijoto ya kupita digrii 1,000, na zinamwangukia mkononi bila kumwunguza sana kwa kuwa ni vipande vidogo mno, lakini sufuria ya maji yenye digrii 100 ikimmwagikia, atapelekwa hospitali. Plazima ya kinu kikubwa ni kama cheche hizo. Kinu cha ITER kinachojengwa Saint-Paul-lez-Durance, kusini mwa Ufaransa, kitakuwa na plazima ya mita za ujazo zipatazo 830 kwenye digrii milioni 150, ilhali uzito wake hautafika gramu moja.

Nimetaja ITER, na inafaa nikae hapo kidogo, kwa maana ndiko uundaji wa leza za kupimia unakokabiliwa na magumu yasiyowahi kuonekana. Mradi huu unaendeshwa na China, India, Japani, Korea Kusini, Marekani, Urusi na Umoja wa Ulaya. Kwa mujibu wa ratiba iliyotangazwa mwaka 2024, shughuli za utafiti zinatarajiwa kuanza mwaka 2034, na matumizi ya deuteriamu na tritiamu mwaka 2039. Katika T-3 wapimaji waliweza kusimama karibu na mtambo na kuchungulia kupitia dirisha. Katika ITER nyutroni zitakuwa nyingi kiasi kwamba dirisha la kioo likielekezwa moja kwa moja kwenye plazima litaanza kufifia na kuacha kupitisha mwanga. Tundu lo lote lililonyooka litakuwa pia mlango wa kutorokea nyutroni. Hivyo basi njia ya mwanga lazima ipindwepindwe kwa vioo vya kuakisi, mfano wa vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa: mwanga uweze kupiga kona, nyutroni zigonge ukuta na kuishia hapo.

Lakini kioo cha kwanza katika kichochoro hicho hakina pa kujificha. Kinaikabili plazima uso kwa uso. Hakiwezi kuwa kioo cha kawaida chenye tabaka jembamba la kuakisi; hutengenezwa kwa metali, kama vile molibdenamu. Nayo metali hiyo hudonolewa na chembe, au hufunikwa na vumbi la kuta, kidogo kidogo, hadi ikapoteza uwezo wa kuakisi. Tatizo si giza tu. Kioo kikififia katika rangi ya buluu zaidi kuliko katika rangi nyekundu, utando wa rangi utaonekana umepungua upande mmoja, na chombo kitatoa halijoto isiyo ya kweli bila kuonyesha dalili yo yote ya kuharibika. Kipimo kinachokosea waziwazi hakina madhara makubwa. Cha kuogopwa ni hiki kinachokosea kwa upole. Ndiyo maana wahandisi hutafuta njia za kukisafisha kioo kikiwa mle mle ndani, na za kukilinganisha chombo tena na tena na kitu kinachojulikana: kwa mfano, hujaza chumba gesi ya nitrojeni yenye shinikizo linalojulikana, wakapiga leza, wakaona kama chombo kitatoa jibu linalostahili.

Ipo njia nyingine ya leza, ambayo nitaipitia kwa haraka. Mwali mmoja hugawanywa mara mbili. Mmoja hupita katika plazima, mwingine hupita nje, kisha hukutanishwa. Elektroni huwa zimeyabadilisha mawimbi ya ule wa kwanza, na tofauti baina ya miwili hutoa msongamano. Ila mtambo ukitetemeka hata kwa sehemu ndogo ya unywele, vioo husogea, na msogeo huo hujifanya kuwa ni plazima. Suluhisho lake ni zuri: hutumiwa leza mbili zenye urefu tofauti wa mawimbi katika njia moja. Elektroni huyaathiri zaidi mawimbi marefu. Mtetemo huyaathiri zaidi yale mafupi. Mashahidi wawili wenye udhaifu tofauti wakihojiwa pamoja, ukweli hupatikana. Wanafunzi wa hesabu wataona kuwa ni mlinganyo sawia wa kidato cha pili.

Huko Culham, mtambo wa JET uliokoma kazi mwezi Desemba 2023 ulitumia pia hila nyingine, ya mwangwi. Mpigo wa leza wa takriban theluthi ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde ni kijiti cha mwanga chenye urefu wa sentimita 10 hivi. Kikirushwa ndani ya plazima, mwanga unaorudi nyuma kutoka sehemu ya karibu hutangulia, wa mbali hufuata, na kwa kupima kuchelewa kwake mtu hujua halijoto ya kila mahali njiani. JET ilifunga kazi kwa heshima: katika majaribio ya mwisho ya mwaka 2023 ilitoa megajouli 69 za nishati ya muungano kwa muda wa sekunde tano hivi, kwa kutumia fueli isiyozidi miligramu 0.2.

Atakuwepo wa kuuliza: yote haya yanamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya, nchi isiyo na tokamaki wala mpango wa kuijenga? Swali ni la haki. Jibu langu liko Kilifi. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo waliandamana kupinga mpango wa kujenga kituo cha umeme wa nyuklia katika eneo lao. Sitaki kujadili hapa kama mpango ule ulikuwa mwema au mbaya. Ninachosema ni kuwa wakazi wale ni Waswahili kwa lugha ya kila siku, na neno walilo nalo ni moja tu, nyuklia, linalobeba bomu, kituo cha kupasua viini vya urani, na tanuri la kuunganisha viini vya hidrojeni, vyote katika kapu moja. Mpasuko na muungano ni mambo mawili yenye hatari tofauti, taka tofauti na ahadi tofauti. Mtu akimwendea mwanakijiji na kumwambia kuwa nyuklia ni salama, au kuwa nyuklia ni kifo, anamnyima nafasi ya kuuliza ni ipi. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Urasmi huo una maana gani iwapo raia hawezi kuhojiana na mhandisi katika lugha hiyo kuhusu kitakachojengwa nyuma ya shamba lake? Na nani atakayeziandika aya za kumwezesha kuhoji, kama si sisi tunaojiita wataalamu wa lugha?

Wapo wenzetu watakaosema kuwa kazi hiyo ni ya wanafizikia. Wanafizikia wetu wamesomea Kiingereza tangu darasa la nne. Tukiwaachia wao peke yao, tutapata sentensi za Kiingereza zilizovaa kanzu. Na tukijitwalia sisi peke yetu, tutapata ufasaha uliokosea. Inahitajika kazi ya pamoja, ya kukaa meza moja. Kiswahili kina nyenzo ambazo mwanafizikia hazioni mpaka aonyeshwe. Tazama mnyambuliko wa kitenzi kimoja: mwanga hutawanyika, mwanga hutawanywa, elektroni huutawanya. Katika mtawanyo wa Thomson ni muhimu kujua nani ametenda na nani ametendwa, kwa kuwa elektroni hutikiswa kwanza ndipo nayo irushe mwanga. Viambishi vyetu hulisema jambo hilo ndani ya neno moja, pasipo maelezo ya ziada.

Napendekeza basi kuwa chama chetu kitenge kurasa katika kila toleo la jarida hili kwa maandishi ya aina hii, na kuwa idara zetu zikubali tasnifu za uzamili zinazoeleza chombo kimoja au kanuni moja ya kisayansi kwa Kiswahili, badala ya kuongeza orodha nyingine ya istilahi mia mbili. Na maandishi hayo yasisahihishwe na wanaisimu pekee. Njia ya kuyapima iko karibu. Mwandishi amtafute mwanafunzi wa uhandisi ambaye hajapata kuusikia mtambo unaoelezwa, ampe ile aya bila mchoro, amwambie auchore. Michoro yake ipelekwe kwa mhadhiri wa fizikia. Ikiwa shimo la kuumeza mwali limechorwa upande leza inakotokea, au lenzi imewekwa mbele ya mwali badala ya ubavuni, aya irudishwe kwa mwandishi, hata kama Kiswahili chake kimenyooka.